Mkono Hujifunza kwa Kutumika

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Twaishukuru Halmashauri kwa kutupa nafasi, sisi tunaofanya kazi ya tiba ya viungo, ya kusema maneno machache katika mkutano huu. Chama cha ustawi kama hiki, ambacho wanachama wake husaidiana wakati wa ugonjwa na wakati wa msiba, kina maarifa ambayo hospitali haina. Hospitali humwona mgonjwa kwa siku chache au majuma machache. Ninyi mwamwona kwa miaka. Ninyi ndio mnaomlipia nauli, mnaomshika bega akienda msalani, na mnaokaa naye jioni wageni wakiisha kwenda zao. Kwa sababu hiyo tumeona haifai kuja hapa kuwasifia mitambo na dawa. Twataka kusema juu ya jambo moja ambalo kila nyumba yaweza kulifahamu na kulitenda, nalo ni hili: mtu aliyepatwa na kiharusi hurudishiwa sehemu kubwa ya uwezo wake kwa njia ya kujifunza, na kujifunza kuna kanuni zake. Anayezifuata kanuni hizo hufaidi jasho lake. Asiyezifuata aweza kutaabika mwaka mzima akavuna kidogo.

Kwanza yafaa tukubaliane maradhi yenyewe ni nini. Kiharusi huonekana mkononi, mguuni na mdomoni, lakini makao yake ni ubongo. Mshipa wa damu wa ubongo huziba au hupasuka, na sehemu iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hufa au hudhoofika. Mkono wenyewe siku ile ya kwanza ni mzima: mifupa yake ni ile ile na misuli yake ni ile ile. Kilichokatika ni amri iliyokuwa ikitoka juu. Kwa hiyo, anayeukanda mkono kwa mafuta asubuhi na jioni hufanya jambo jema, maana humfariji mgonjwa na kumwonyesha kwamba hajatupwa. Lakini asidhani kwamba kwa kukanda peke yake ameufundisha mkono kazi. Mwanafunzi hapa ni ubongo, na mwanafunzi hafundishwi kusoma kwa kukandwa mgongo.

Je, ubongo wa mtu mzima waweza kujifunza tena baada ya kuumia? Zamani wengi waliudhani kuwa kama chungu kilichokwisha chomwa, ambacho kikivunjika hakifinyangiki tena. Mwaka 1996 Randolph Nudo na wenzake, huko Marekani, walitangaza habari za kima walioumia sehemu ndogo ya ubongo inayotawala mkono. Kwa kima wasiopewa mazoezi, hata lile eneo la ubongo lililosalia kwa ajili ya mkono lilizidi kupungua. Kwa wale waliozoezwa kuokota chakula katika vishimo vidogo kwa mkono ule dhaifu, eneo hilo halikupotea, na kwa baadhi yao lilienea hata mahali palipokuwa pakitawala kiwiko na bega. Basi chungu hakijachomwa. Udongo ungali mbichi kiasi, ila wataka mikono ya kuufinyanga. Wazee walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na elimu ya siku hizi imewaunga mkono.

Sasa twaomba radhi, maana twataka kusema juu ya kosa linalofanywa kwa mapenzi. Mara nyingi tuingiapo katika nyumba ya mgonjwa twamkuta ameketi mahali pa heshima, mkono wake umelala pajani kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji. Mke wake amlisha kwa kijiko, binti amfunga vifungo vya shati, mjukuu ampelekea kikombe mdomoni. Hakuna awezaye kuwalaumu. Wamefundishwa tangu utoto kwamba mgonjwa hahangaishwi, na kwamba baba akipika chai watoto wapo, jirani watasema nini? Lakini hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa maana mkono usiopewa kazi husahauliwa na mwenyewe.

Jambo hilo lilichunguzwa kwa muda mrefu na Edward Taub wa Marekani. Alikuwa na kima ambao mishipa inayoleta hisia kutoka mkono mmoja ilikuwa imekatwa, lakini ile inayopeleka amri ilikuwa mizima. Kima hao waliuacha mkono huo kabisa. Taub alieleza sababu yake hivi: siku za kwanza mnyama hujaribu kuutumia, akaanguka au akaangusha chakula, akijaribu ule mwingine hufaulu. Baada ya kushindwa mara nyingi, akajifunza kutoutumia. Baadaye, hata uwezo ulipoanza kurudi, mazoea ya kuuacha yalikuwa yamekwisha kukomaa. Lakini mkono mzima ulipofungwa kwa siku kadhaa, kima alilazimika kuutumia ule dhaifu, na aliendelea kuutumia hata baada ya kufunguliwa.

Fikra hiyo ililetwa kwa wanadamu. Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika vituo 7 vya Marekani kwa wagonjwa 222 waliokuwa wamepatwa na kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla. Kundi moja lilivikwa glavu nene katika mkono mzima kwa sehemu kubwa ya saa za kuwa macho, kwa majuma 2, na siku za kazi likafanya mazoezi ya mkono dhaifu kwa saa nyingi. Kundi la pili lilipata matunzo ya kawaida. Mwaka mmoja baadaye kundi la kwanza lilikuwa bado likiwashinda wenzao kwa kutumia mkono. Hata hivyo twawasihi msiondoke hapa mkaenda kumfunga mgonjwa mkono. Wagonjwa wale walichaguliwa: kila mmoja alikuwa amebakiwa na uwezo kidogo wa kuinua kiganja na kunyosha vidole. Tena, mtu asiyesimama imara akifungwa mkono aliouzoea kujishikia aweza kuanguka akavunjika nyonga. Tiba hiyo yataka mtaalamu. Fundisho lake lakini ni la kila nyumba: mkono dhaifu usinyang'anywe kazi ambayo ungeweza kuijaribu.

Ndugu Wanachama, mpaka hapa tumesema kwamba mgonjwa apewe mazoezi. Jambo hilo wengi walilijua. Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu, yaani mazoezi ya namna gani. Na hapa sisi wataalamu wenyewe tulikuwa na mengi ya kujisahihisha.

Mtoto akiitikia pamoja na darasa zima, sauti yake hutoka safi, na mzazi apitaye dirishani hufurahi. Lakini mwulize mtoto huyo kesho, akiwa peke yake, ndipo utakapojua kama amejifunza. Ndivyo ilivyo kwa viungo. Mgonjwa aweza kuinua kikombe vizuri sana saa nne asubuhi mbele ya mtaalamu, baada ya kukirudia kikombe kile kile mara 20, kiwiko kikiwa kimeshikwa na maneno ya kumwelekeza yakimiminika masikioni. Wote twapiga makofi. Kesho yake, nyumbani, kikombe ni kizito zaidi, meza ni fupi zaidi, na hakuna anayeshika kiwiko, kikombe kinaanguka. Je, alisahau? La, hakuwa amejifunza. Kufanya vizuri wakati wa mazoezi ni jambo moja, na kujifunza ni jambo lingine. Kilichojifunzwa ni kile kinachobaki baada ya usiku kupita.

Kutokana na kweli hiyo moja kanuni kadhaa hufuata, nazo nyingine ni kinyume cha tulivyozoea.

Kanuni ya kwanza ni kuchanganya kazi. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan waliwafundisha watu namna tatu za kupeleka mkono upesi na kuangusha vizuizi vidogo kwa mpango uliowekwa. Kundi moja lilimaliza namna ya kwanza yote kabla ya kuingia ya pili, na ya pili kabla ya tatu. Kundi lingine lilichanganyiwa, kila mara likiletewa namna nyingine. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilifanya vizuri zaidi, na mtazamaji angesema kwamba mwalimu wake ndiye bora. Walipopimwa tena, hata baada ya siku 10, waliochanganyiwa ndio waliokuwa wamehifadhi zaidi. Sababu mojawapo itolewayo ni kwamba anayerudia jambo moja mfululizo hafikiri tena, bali hunakili alichofanya sasa hivi. Anayebadilishiwa hulazimika kila mara kuitafuta njia upya. Na kutafuta ndiko kujifunza.

Kanuni ya pili ni kubadilisha hali ya kazi ile ile. Mwaka 1978 Robert Kerr na Bernard Booth waliwapa watoto wa miaka 8 vifuko vidogo wavitupe kwenye shabaha. Wengine walizoezwa kwa umbali wa futi 3 tu. Wengine walizoezwa kwa futi 2 na futi 4, wala hawakutupa hata mara moja kwa futi 3. Siku ya mtihani wote walitupa kwa futi 3, na walioshinda ni wale ambao hawakuuzoea umbali huo. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1920 huko Moscow, Nikolai Bernstein alikuwa amewapiga picha mafundi wakigonga patasi kwa nyundo. Aliona kwamba hata fundi hodari harudii mwendo ule ule wa bega na kiwiko mara mbili, ingawa kichwa cha nyundo hufika mahali pake. Anachokirudia fundi ni kazi ya kutafuta mwendo unaofaa saa ile. Kwa hiyo mgonjwa asinuke kwenye kiti kimoja kila siku. Leo ainuke kwenye kiti, kesho kwenye kigoda, kesho kutwa ukingoni mwa kitanda, na mtu mwenye nguvu asimame karibu naye asije akaanguka. Achukue kikombe cha bati, kisha cha udongo, kisha bilauri. Kikiwa kitupu, kisha kikiwa na maji nusu. Dunia haitamletea kiti kimoja tu.

Kanuni ya tatu yatugusa sisi wenye ndimi ndefu. Mtu hawezi kujifunza asipojua matokeo ya tendo lake. Mwaka 1927 Edward Thorndike alieleza majaribio ambayo watu waliofunikwa macho walichora mistari ya urefu uliotakiwa. Wasiojulishwa kama wamepatia au wamekosea hawakuendelea mbele hata baada ya kuchora mara nyingi sana. Basi kuambiwa kwafaa. Lakini kuambiwa kila mara kwaweza kudhuru. Mwaka 1990 Carolee Winstein na Richard Schmidt walionyesha kwamba watu walioambiwa matokeo yao katika nusu tu ya majaribio walikumbuka vizuri zaidi kuliko walioambiwa kila mara. Anayeambiwa kila mara huutegemea mdomo wa mwalimu kama mkongojo. Mwalimu akienda zake, mkongojo umekwenda. Kwa hiyo mgonjwa akijaribu, tumwachie kwanza nafasi ya kujihukumu. Tumwulize, “Wewe mwenyewe umeonaje?” kabla hatujasema neno. Na kosa lisilo na hatari tusilikimbilie kulizuia. Kupotea njia ndiko kujua njia.

Kanuni ya nne ni kuyaelekeza mawazo kwenye kazi. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake walitangaza kwamba watu waliojifunza kuyumba juu ya mtambo wa mazoezi ya kuteleza theluji walifanya vizuri zaidi walipoelekeza mawazo kwenye magurudumu ya mtambo kuliko walipoyaelekeza kwenye miguu yao wenyewe. Nasi mara nyingi humwambia mgonjwa, “Nyosha kiwiko, inua bega, fungua vidole,” hata akachanganyikiwa. Huenda ikafaa zaidi kumwambia, “Ifikie sukari,” au “Mpe mtoto hii shilingi.” Kiwiko chaijua njia ya kufika kwenye sukari kuliko kinavyojua maana ya neno kunyoka.

Tena isisahauliwe kwamba kumbukumbu ya mwili si ile ya ulimi. Henry Molaison wa Marekani alipasuliwa ubongo mwaka 1953 ili apone kifafa, naye akapoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya. Brenda Milner wa Montreal alimpa kazi ngumu ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo tu. Kwa siku 3 mkono wake uliendelea kuwa hodari, ijapokuwa kila siku hakukumbuka kwamba amewahi kuifanya kazi hiyo. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1962. Kwa hiyo, mama asiyekumbuka jina la mtaalamu aliyekuja jana, tusikate tamaa juu yake. Pengine mguu wake umekumbuka. Kadhalika, mgonjwa anayeyakariri vizuri masharti yote ya kutembea, tusidhani kwamba kwa hayo amejifunza kutembea.

Kanuni ya tano ni wingi. Catherine Lang na wenzake walitazama vipindi 312 vya tiba katika hospitali za Marekani na Kanada, wakatangaza mwaka 2009 kwamba katika vipindi ambavyo mkono ulizoezwa kwa kazi za kweli, ulizifanya kwa wastani wa mara 32 tu. Wanyama waliotupa matumaini katika majaribio walikuwa wakirudia mamia ya mara kwa siku. Ndugu zetu, mara 32 ni idadi ambayo mama huipita katika kuchagua mchele wa mlo mmoja. Hapo ndipo nyumba inapoweza kufanya yale ambayo hospitali haiwezi. Kupukuchua mahindi, kuchambua maharagwe, kukanda unga wa chapati, kukunja nguo zilizoanuliwa, kuhesabu sarafu, kumenya viazi huku mkono dhaifu ukikishikilia kiazi: kazi hizi zote ni mazoezi, na zina faida moja kubwa, nayo ni kwamba mgonjwa aona mwisho wake. Mpira wa kubonyeza huchosha roho. Sufuria ya maharagwe yaliyochambuliwa hupikwa ikaliwa, na aliyeyachambua hushukuriwa.

Bwana Mwenyekiti, tukiishia hapo tutakuwa tumesema ukweli nusu, na ukweli nusu katika mambo ya afya ni hatari. Majaribio mengi tuliyoyataja yalifanywa kwa watu wazima wenye afya au kwa watoto, si kwa wagonjwa. Mtu ambaye ubongo wake umeumia aweza kuhitaji kuanza na kazi moja, kwa utulivu, kabla ya kuchanganyiwa. Na aliye na woga mwingi aweza kuhitaji kutiwa moyo mara kwa mara kuliko kuachiwa kimya. Kanuni ni kama vipimo vya fundi wa nguo: ni lazima avijue, lakini hushona kwa mwili wa mtu aliye mbele yake.

Wingi nao si dawa peke yake. Mwaka 2016 Lang huyo huyo na wenzake walitangaza uchunguzi wa watu 85 waliopewa viwango mbalimbali vya kurudia, toka maelfu machache hadi maelfu mengi, na haikuonekana kwamba waliofanya mengi zaidi walipata nafuu zaidi. Tena, haraka ina hasara yake. Uchunguzi mkubwa wa nchi 5, wenye wagonjwa zaidi ya 2,100, ulionyesha mwaka 2015 kwamba kumtoa mgonjwa kitandani mapema sana, kabla ya saa 24, na kumzoeza mara nyingi kupita kawaida, kulipunguza idadi ya waliopata nafuu njema. Siku zile za kwanza shauri ni la daktari na wauguzi.

Liko na jambo lingine, na hili twalisema hasa kwa ajili ya Halmashauri. Mtu aweza kufikiri, “Ikiwa nyumba yaweza kufanya haya yote, basi wataalamu wa nini? Na tuwafundishe jamaa tuokoe fedha.” Jambo hilo lilijaribiwa huko India, katika hospitali 14 na kwa wagonjwa 1,250, na matokeo yakatangazwa mwaka 2017. Jamaa walifundishwa kuwazoeza wagonjwa wao nyumbani. Baada ya miezi 6 waliokufa au waliobaki kuwa tegemezi hawakupungua kuliko katika kundi la pili lililopata matunzo ya kawaida. Mapenzi ya jamaa ni mengi, lakini mapenzi peke yake si ustadi. Kuchagua kazi isiyokuwa rahisi mno wala ngumu mno, kuibadilisha kadiri mgonjwa anavyoendelea, kujua lini kunyamaza na lini kusema, huo ni ufundi, na ufundi hufundishwa. Nyumba ni shamba. Mtaalamu ni bwana shamba. Shamba bila shauri huzaa kidogo, na shauri bila shamba halizai kabisa.

Na huyo mtaalamu naye hupatikanaje? Mikono ya mtaalamu hujifunza kwa kanuni zile zile za mkono wa mgonjwa. Mwanafunzi aweza kusikiliza masomo juu ya jinsi ya kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kitini, akayaandika vizuri, akafaulu mtihani, na bado akamwangusha mgonjwa. Akifundishwa kumhamisha mwenzake mwenye afya, katika chumba kimoja, kwa kiti kimoja, alasiri moja, atafanya vizuri alasiri ile tu. Afundishwe kwa watu wanene na wembamba, kwa vitanda vya juu na vya chini. Arudie baada ya juma na baada ya mwezi. Naye aulizwe maoni yake kabla ya kusahihishwa. Kadhalika sisi tuliokwisha hitimu tumekuwa tukiandika maendeleo ya mgonjwa mwishoni mwa kipindi, mwili ukiwa umepata moto na kila kitu kikienda vizuri. Saa ya kweli ya kumpima ni mwanzoni mwa kipindi kinachofuata, kabla hatujamgusa na kabla hatujamwambia neno. Kipimo hicho hutuaibisha mara nyingine, lakini ndicho kinachosema kweli.

Basi, kwa heshima kubwa, twaleta maombi matatu mbele ya mkutano huu.

La kwanza: mwanachama akipatwa na kiharusi, achaguliwe mtu mmoja wa nyumba yake aende pamoja naye katika kila kipindi cha tiba. Asikae nje kwenye benchi akisubiri kumrudisha. Aingie ndani, aone, ajaribu kwa mikono yake mbele ya mtaalamu, na aulizwe tena safari ifuatayo.

La pili: msaada wa nauli, badala ya kumalizwa wote katika majuma ya kwanza wakati huruma ingali moto, ugawanywe ufike miezi mingi. Kujifunza kwataka nafasi kati ya somo na somo, na kazi za nyumbani zahitaji kubadilishwa mara kwa mara na ajuaye. Michango mingi hutolewa mgonjwa akiwa hospitalini; haja kubwa huanza mlangoni pa nyumba yake.

La tatu: katika fedha za kusomesha vijana, Chama kiifikirie kazi hii ya tiba ya viungo. Kijana mmoja wa kwetu akihitimu, akayajua mazingira yetu, vigoda vyetu, majiko yetu na ngazi za matatu zetu, atawafaa watu kuliko mashine ya gharama kubwa iliyowekwa mahali ambapo mgonjwa hawezi kufika.

Twamalizia kwa neno kwa wale waliopatwa na maradhi haya, ambao wengine wao wamo katika mkutano huu. Hatukuja kuwaahidi kwamba mkono utarudi kama ulivyokuwa. Kwa wengine hurudi karibu wote, kwa wengine nusu, kwa wengine kidogo sana hata baada ya juhudi zote, wala hilo si kosa lao. Twawaambia tu kwamba jaribio mlilolishindwa leo halikupotea bure, maadamu mlilijaribu wenyewe. Na kwa jamaa zao twasema: jioni ya leo, chai itakapotengwa, msikimbilie kukishika kikombe. Kiwekeni mahali mkono unapoweza kukifikia, chai isiwe ya moto mno, na kitambaa kiwe karibu kwa ajili ya ile itakayomwagika. Kisha ngojeni.